Mwaka Huu Hatukuletei Matawi, Mama

Ni mwaka sasa, Mama, tangu ulipovua buti zako mlangoni, ukasema unajilaza kidogo kabla ya chakula, usiamke tena. Buti zipo palepale. Baba hataki ziguswe, hata ule udongo wa bustani uliogandia kwenye visigino.

Mji huu ulikujua kama Ardis Kvamme, mhifadhi wa bustani ya mimea ya chuo kikuu, mwanamke mwenye koti lililoning'inia upande mmoja kwa sababu mfukoni hakosi kopo la rangi nyeusi na brashi. Wageni walidhani ni fundi rangi. Sisi wa nyumbani tulijua. Tangu theluji inapoyeyuka mpaka kiangazi kikolee, mwaloni hauguswi kwa msumeno. Vidudu vidogo kuliko punje ya mchele hunusa utomvu wa kidonda kibichi, huja na ukungu wa mnyauko migongoni, na kabla hujamaliza kahawa yako mti umeshapata ugonjwa usio na dawa. Upepo ukivunja tawi, unapaka rangi hapohapo. Ndiyo maana ya kopo.

Uliwahi kumkuta kijana juu ya ngazi nyuma ya kanisa, mwezi wa Mei, anataka kupunguza matawi yanayogusa waya wa umeme.

"Shuka, mwanangu," ulimwambia.

"Nimetumwa, mama."

"Na mimi nimetumwa. Shuka kabla sijapanda, maana nikipanda na goti hili tutashuka wote watatu, wewe, mimi na ngazi."

Alishuka. Ukammiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa yako, mkakaa kwenye ukingo wa barabara mkizungumza habari za mama yake mgonjwa. Mwaka jana alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lako.

Mezani ulituhubiria habari hizohizo kila majira ya kuchipua. Baba, aliyeendesha lori la maziwa maisha yake yote na aliyejigamba kwamba anajua mimea miwili tu, ile inayoliwa na ng'ombe na ile inayonyweka, alikuwa akiguna. "Hayo ulisema mwaka jana, mama Britta." Nawe bila kuinua macho kwenye sahani: "Na mwakani nitayasema tena, mzee, maana sikio lako limejaa nta." Tukacheka, tukapitishiana viazi.

Jioni nilizokuwa na masomo ulimchukua mwanangu Tilda ukaenda naye kwenye nyumba ya vioo ya kukuzia miche. Nikirudi nimechoka, na kichwa kimejaa hesabu, nilimkuta amelala begani kwako ananuka mboji. "Mwache mama asome," ulikuwa ukimwambia. "Mimi na wewe tuna kazi." Hukuwahi kuniuliza nitamaliza lini. Uliniuliza nimejifunza nini, kisha ukasikiliza.

Kazini ulikuwa na kanuni yako, wenzako wa bustani nyingine wakikutania kwayo. Mti ukikataa kuchipua, hukukubali king'olewe kibao chake cha jina mara moja. Ulikwangua gome kwa ukucha kutafuta ujani, na usipouona ulisema tungoje mwaka utimie. Mtu anazikwa wiki hiyohiyo, ulisema, lakini mti upewe majira yote manne ya kubadili nia.

Halafu kulikuwa na mwaloni wako, ule wa kwenye mteremko karibu na lango la mashariki. Mti huo ulizaliwa na mialoni ya aina mbili iliyokutana kwenye kona ya mto ambayo leo imo chini ya maji ya bwawa. Ulichimbua mche huo kwa mikono kabla maji hayajapanda, ukiwa bado mwanafunzi. Mwingine kama huo hukuupata. Ulijaribu kubebesha vikonyo vyake kwenye mashina ya mialoni mingine, vyote vikakauka. Ulipanda mbegu zake, zikaota miti mizuri ambayo haikufanana nao hata jani. "Huu Mungu hakuuwekea akiba," ulikuwa ukisema, nawe uliupitia kila asubuhi kabla hujafungua ofisi, kama mtu anayempitia mgonjwa. Majira ya majani kuanguka mti uligeuka rangi ya boga lililoiva, na Baba alisimamisha lori lake langoni ili tu aone. Hakukwambia. Nakwambia mimi.

Sasa nifike kwenye lile lililo zito. Baba mwenyewe amesema niliandike. "Usinifiche, Britta," aliniambia. "Watu wajue, wasirudie."

Asubuhi ya mazishi yako alitoka mapema bila kuaga. Alichukua msumeno wako mdogo kwenye msumari wa ghalani, akaenda bustanini. Hapakuwa na mtu, wenzako wote walikuwa wameshakwenda kupanga viti katika ukumbi wa chini ya kanisa. Alikata matawi ya mwaloni wako, akayaleta mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, akayalaza juu ya jeneza. Majani yalikuwa ya ukubwa wa sikio la kindi, ule ukubwa ambao wakulima wetu wakiuona hupanda mahindi. Kila mtu alisema amefanya jambo la maana. Kaka yangu Dag alilia kwa kuyaona tu. Miaka yote ile ya mahubiri yako mezani, na hakuna hata mmoja wa familia yako aliyekumbuka kwamba ilikuwa Mei.

Aliyekumbuka ni Mai Nhia Vang, mwanafunzi wako uliyemwachia bustani. Katikati ya wimbo wa pili alilitazama jeneza, akainuka, akatoka nje anakimbia. Tulidhani uchungu umemzidi. Kumbe alikwenda kupaka rangi vile vidonda, na gauni lake la msiba, magoti kwenye tope. Alirudi wakati wa supu na viganja vyeusi. Akakaa karibu na Baba, akala naye, asimwambie alikotoka.

Mwezi wa Julai mwaloni ulianza kubadilika rangi kuanzia kileleni. Baba aliona ni kiu, akawa anakwenda kila jioni kuumwagilia kwa mpira. Siku moja nilikuwepo nikiwa na Tilda, Mai Nhia alipokuja akafunga bomba.

"Una kiu huu," Baba alisema. "Fungua."

"Hauna kiu, Baba."

"Basi una nini?"

Mai Nhia alinitazama mimi, kisha akatazama chini. Baba akauangalia mpira mkononi mwake, maji ya mwisho yakidondoka. "Mai Nhia. Ardis alikufundisha kudanganya?"

"Hapana."

"Basi sema."

"Ni yale matawi," alisema. "Nilikwenda kupaka rangi, Baba. Nilichelewa."

Baba aliinama. Aliukunjakunja ule mpira polepole, akauweka mahali pake, akatembea mpaka nyumbani kwa miguu, gari akaliacha langoni. Kabla Agosti haijaisha majani yote yalikuwa chini, wakati miti mingine ingali kijani.

Ungekuwepo ungejua la kufanya. Mti uliokufa kwa mnyauko hautakiwi kuachwa umesimama mpaka majira ya kuchipua, maana ukungu wake huamka na kuifuata miti jirani. Wafanyakazi walichimba handaki kuuzunguka ili kukata mizizi iliyoshikana na mialoni ya mteremkoni. Lakini kuukata wenyewe Baba alikataa, na Mai Nhia hakuwa na moyo wa kumpita. Baba alishikilia kanuni yako. Mwaka haujatimia, alisema. Majira manne, Ardis ndivyo alivyosema. Theluji ikapanda mpaka madirishani, naye kila Jumapili akitoka kanisani alikwenda kuukwangua kwa ukucha. Kahawia. Alikwangua mahali pengine. Kahawia.

Mwezi wa Machi Mai Nhia alikuja nyumbani na chakula alichopika, wali na kuku wa mchaichai, akaketi jikoni kwetu. Hakubembeleza. Alimwuliza tu, "Baba, yeye angefanya nini?"

Baba alisukuma sahani pembeni. Kisha akasema, "Angekuwa ameukata tangu Septemba. Na mimi angenilaza ghalani." Akacheka kidogo, na kicheko kile, Mama, sitaki kukisikia tena.

Waliukata wiki ile. Baba alikuwepo tangu mwanzo mpaka gogo la mwisho lilipopakiwa kwenda kuchomwa. Kisha akapiga magoti akakipaka kisiki rangi kwa kopo lako. Mai Nhia alijua haisaidii kitu. Alimshikia mfuniko.

Mimi unanijua, moyo wangu haukati tamaa upesi. Tangu theluji iondoke nimekwenda kukiangalia kisiki kila nilipopata nafasi, Tilda mkononi, nikitafuta hata chipukizi moja. Hakuna. Dag ametafuta mbegu kwenye mifuko ya makoti yako yote, akapata vifuniko vya kalamu na peremende. Mialoni ya mteremkoni imetoa majani wiki hii, nayo yamefikia sikio la kindi. Mai Nhia anasema ni mapema mno kujua kama handaki lilitosha. Tutangoja miaka.

Leo mwaka umetimia kwa kanuni yako. Asubuhi Baba amekwenda akakwangua kisiki kwa mara ya mwisho, kisha akang'oa kibao mwenyewe. Kimo jikoni sasa, kwenye droo ya vijiko, maana hakujua pengine pa kukiweka. Siku hizi anavaa koti lako. Usiku wa dhoruba halali, na kukipambazuka hupita nyumba kwa nyumba kutafuta matawi yaliyovunjika, kopo mfukoni. Majirani wanamfungulia mageti. Wengine hawana mwaloni hata mmoja, anawapakia rangi miti yao ya kivuli na ya tofaa, nao wanasimama pembeni wakimshukuru.

Tukitoka kanisani tutapanda kwako makaburini. Na wote watakaokuja tunawaomba mbele yako, Mama: ni Mei, msikate kitu. Hatuna mwaloni wa kukupa, wala mbegu yake, wala mche. Baba ameniuliza kama nadhani umemsamehe, nami nimeshindwa kumjibu, kwa kuwa uliyekuwa ukijibu maswali ya Baba ni wewe.

Wanaokukumbuka: mumeo Orrin, watoto wako Britta na Dag, mjukuu wako Tilda, na Mai Nhia, ambaye tunamhesabu wa nyumbani. Tunakukumbuka, Mama, na tutakukumbuka siku zote, mikono ikiwa mitupu.