Bondia wa Chumba cha Rukia

Jumatatu, 4 Oktoba

Tullio, mgeni wetu Mtaliana, kakimbia tena kabla ya chai. Mvua inanyesha, naye kavaa mfuko wa plastiki ndani ya sweta ili jasho limtoke. Karudi anafuka mvuke kama birika. Nimempa mayai ya kuchemsha, bila ya chumvi. Nyama bila ya chumvi. Kila kitu bila ya chumvi. Nyumba nzima inanuka dawa ya kuchulia.

Badru kamngojea getini na taulo, na huku ana kazi ofisini Harrow na treni haimsubiri mtu. Mume wangu mtu mzima, mvi zimemjaa, lakini tangu Tullio ahamie hapa anapanda ngazi mbilimbili. Bingwa wa zamani wa Ulaya nzima analala Queensbury, kwenye chumba cha binti yetu! Rukia tumemhamishia kwenye kijichumba pamoja na ubao wa kupigia pasi. Kanuna.

Pambano ni katikati ya Novemba. Akishinda, atapewa nafasi ya kuugombea tena ukanda wake wa ubingwa. Meneja wake alikuwa anatafuta nyumba tulivu karibu na jimu anakofanyia mazoezi. Badru kanyoosha mkono kabla hata hajaniuliza.

Jumatano, 6 Oktoba

Leo mezani Tullio kanishangaza kwa Kiswahili. "Maji kidogo, mama." Kumbe baba yake alitekwa vitani Uhabeshi, Waingereza wakamfunga Kenya, wakamtengenezesha barabara. Karudi kwao na maneno machache na pafu moja. Kabla ya vita alikuwa mwendesha baiskeli, akishinda mbio za milimani, watoto wakipewa jina lake. Alipotoka kifungoni madaktari walimkataza. Kapanda baiskeli. Kashinda tena.

Babu yake alikuwa mpiga mieleka wa kuzunguka na maonyesho. Shangazi yake mteleza theluji, kachukua medali. Ukoo mzima namna hiyo.

"Kwetu mtu hashuki mwenyewe," kasema. "Huangushwa."

Badru kacheka kwa raha. Kaanza kuwataja Wataliana wote anaowajua, wakimbiaji, mabondia, mpaka hao waliochukua kombe la dunia kiangazi hiki. Siku ile ya fainali alipiga kelele hadi jirani kagonga ukuta.

Mie neno lile la "huangushwa" limenikaa vibaya.

Jumapili, 10 Oktoba

Tullio kamimina chai pembeni ya kikombe. Si tone. Kaendelea kumimina mpaka ikaenea kitambaa kizima, na macho yake yako pale pale, yanatazama. Kisha kacheka. Badru naye kacheka. Rukia kaleta tambara.

Sikucheka. Mie muuguzi, nafanya kazi wadi ya wagonjwa wa vichwa. Nimeshawaona watu wanaomimina chai hivyo.

Jumanne, 12 Oktoba

Kichwa kinamuuma tangu asubuhi. Mapazia kayafunga. Nimempelekea supu, kaniita Ada. Ada ni dada yake, yuko kwao. Nikamwambia mie Zuhura. Kajibu, "Ndiyo, Ada, ahsante."

Nimemwambia Badru.

"Wewe unaona wagonjwa kila pahala," kasema. "Mtu anapunguza uzito. Hali, hanywi. Hata mie nilikuwa hivyo hivyo."

Kweli alikuwa. Unguja, kabla ya Mapinduzi, Badru alikuwa bondia na ukumbi ulikuwa ukijaa kwa ajili yake. Wakubwa wapya walipoingia wakapiga marufuku ngumi. Basi. Hakushindwa na mtu. Alikatazwa tu. Tumekuja huku Uingereza, kapata kazi ya kalamu, kavaa tai. Lile jeraha halijapona, na mie ndiye nilalaye nalo.

Alhamisi, 14 Oktoba

Katapika. Kafungulia bomba ili tusisikie. Nimesikia.

Jumamosi, 16 Oktoba

Nimekwenda jimu na Badru. Nimesema nataka kutazama tu.

Anapiga vizuri bado. Mkono wa kulia unashuka kama nyundo, hata asiyejua anajua. Lakini nilitazama miguu. Mguu wa kushoto unachelewa. Akigeuka, unamfuata nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda skuli. Yule kijana wa mazoezi kampiga upande huo mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila ngumi niliihisi kwenye meno yangu.

Nikamwendea meneja, Bwana Corsi. Mtu wa manukato, viatu vya rangi mbili. Nikamwambia mguu ule si uchovu, apelekwe hospitali. Katabasamu.

"Signora, unapika vizuri sana," kasema. "Endelea kupika."

Badru alikuwepo. Katazama chini.

Jumatatu, 18 Oktoba

Bi Kusum wa dukani, mzaliwa wa Kisumu, kabandika tangazo la pambano dirishani, uso wa Tullio mkubwa kuliko mapapai. Kaniita pembeni, kaniuliza kwa sauti ndogo, "Mgeni wako analewa?"

Nikamwambia hanywi kabisa.

"Basi jana alitoka hapa akashika njia siyo. Nikamwita, nyumba huku! Kageuka, kanicheka, halafu kaenda kule kule."

Nimerudi na mchele. Nimemkuta Tullio jikoni peke yake. Nikaketi. Nikamwambia yote niyaonayo, moja moja, kama ninavyowaambia jamaa wa wagonjwa. Nikamwambia yawezekana damu inavuja taratibu baina ya fuvu na ubongo. Ngumi moja itatosha.

Hakukasirika. Ingekuwa bora akasirike.

"Najua," kasema. "Kuna siku naamka sijui hii nchi gani. Baada ya Novemba nitakwenda kwa daktari. Niahidi husemi."

Sikuahidi. Nikasimama kuosha sufuria iliyo safi.

Ijumaa, 22 Oktoba

Jumanne anapimwa na daktari wa mabondia. Nilijipa moyo kwamba yataonekana hapo.

Leo nimerudi mapema kutoka zamu. Nimefungua mlango taratibu. Ukumbini Tullio anatembea juu ya ukingo wa zulia, kisigino kwa kidole, mikono kaifungua. Mbele yake Badru, anarudi kinyumenyume, kamnyooshea mikono kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea.

"Tena," anasema. "Polepole. Ukihisi unakwenda kushoto, kaza tumbo. Tena."

Kisha kaanza kumuuliza maswali ya daktari. Leo siku gani? Mji gani huu? Tullio anajibu kama kasuku. Kakosea siku. Badru kamsahihisha, kamuuliza tena mpaka kapatia.

Kwa hivyo anajua. Mume wangu anajua. Alijua siku zote.

Nimerudi nje nikafunga mlango bila ya kelele, nikasimama kwenye mvua mpaka nikapata pumzi ya kuingia kama mtu ndiyo kwanza anafika.

Jumapili, 24 Oktoba

Nimempikia Badru biriani anayoipenda. Nikamuuliza, akifa kule ulingoni, utaniambia nini? Kasema, "Nitasema alikufa akiwa bondia."

Rukia kaacha kijiko. "Baba, that's sick, unatia kinyaa," kasema, kaondoka mezani. Badru hakumkemea. Kala mpaka kamaliza, hakuinua uso.

Nimeolewa na mtu huyu tangu nina miaka ishirini. Leo nimemwogopa.

Jumatatu, 25 Oktoba

Nimepiga simu. Wakati wa mapumziko, kwa simu ya ukutani karibu na chumba cha wauguzi. Daktari wa kesho, yule wa mabondia, kanisikiliza bila ya kunikata. Nimemwambia asimtembeze tu. Amwulize maswali asiyoyatarajia. Apige picha ya kichwa kabla ya kutia saini. Kauliza jina langu, nikampa.

Nimeweka simu. Nikarudi kwa wagonjwa.

Jumanne, 26 Oktoba

Kazuiwa. Hapigani mpaka kichwa kipigwe picha.

Corsi kaja na Tullio na Badru mpaka sebuleni kwangu, kapiga kelele kwa Kitaliana, kisha kwa Kiingereza ili nami nifahamu. Daktari alikuwa kaambiwa, na aliyemwambia ni mtu wa nyumba hii. Nikasema ni mimi. Sikuona maana ya kujificha.

Tullio hakunitazama. Kapanda juu, kashika ukuta.

Badru kangoja mpaka mlango wa juu umefungwa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu mwengine.

"Unguja walinizuia watu wenye bunduki," kasema. "Hapa aliyemzuia Tullio ni mke wangu."

Sikulia. Nilikuwa na mchuzi motoni.

Jumatano, 27 Oktoba

Hakuna anayesema na mie ila Rukia. Sahani ya Tullio imerudi kama ilivyokwenda. Hataki hiyo picha ya kichwa. Rukia kanihadithia alichosikia ngazini: Corsi kapata pambano jengine, ng'ambo ya bahari, mahali wasipouliza. Anakuja kesho kumchukua kwa gari.

Nimemwomba Mungu nikiwa nakunja nguo. Sikujua niombe nini hasa. Gari liharibike. Ndicho nilichoomba.

Alhamisi, 28 Oktoba

Gari halikuharibika.

Corsi kapiga honi saa nne. Badru hakwenda kazini, kabaki kumsaidia mizigo. Tullio kashuka na begi, kanyoa, kachana nywele, kavaa suti. Ngazi ya mwisho mguu wa kushoto haukuja. Begi likaanguka kwanza. Kisha yeye. Badru kamdaka, wakaenda chini pamoja.

Mboni ya jicho moja ilikuwa imetanuka, jicho jeusi lote. Nikapiga kelele Rukia aite ambulensi. Badru kamkumbatia pale sakafuni, anamwita kwa jina, anamwambia inuka, inuka, kama refa anayemhesabia.

"Usimtikise!" nikamwambia. Kaacha papo hapo. Kanitazama. Macho ya mtoto.

Nilipotoka nje na wabebaji, gari la Corsi halipo.

Wamemtoboa fuvu alasiri. Damu ilikuwa nyingi, ya kale na mpya. Daktari wa upasuaji kanambia ngumi moja ingemmaliza. Badru alikuwa kando yangu, kasikia. Kaenda mwisho wa korido, kageukia dirisha.

Jumapili, 31 Oktoba

Yu hai. Mkono wa kulia haufungiki. Ule wa nyundo.

Ijumaa, 5 Novemba

Ada kafika kutoka kwao. Mwanamke mkubwa wa mifupa, kimya. Alirusha tufe zamani, kwa ajili ya nchi yao. Rukia kamwachia kitanda bila ya kuambiwa.

Nje fataki za sikukuu ya Waingereza zinalia tangu magharibi. Badru hashtuki. Anakwenda hospitali kila siku baada ya kazi, anarudi, anasali, analala. Akisema na mie, husema yaliyo lazima tu. Gesi. Maziwa. Funguo.

Jumamosi, 13 Novemba

Tumekwenda kumuaga Tullio. Ada anamrudisha kwao kesho.

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, kavalishwa vizuri, kovu limekauka. Wiki zile za mwisho zimemtoka kichwani kabisa. Hakumbuki ngazi, hakumbuki kupimwa. Ada keshamwambia kwamba pambano lilizuiwa, zaidi ya hapo Tullio hajui.

Kanikaribisha vizuri, kaniita mama. Kamshika Badru kwa mkono wake mzima, hamwachii. Wakazungumza ngumi kidogo. Kisha kauliza, polepole, kwa kutafuta maneno, "Nani alimwambia daktari?"

Ada katazama sakafu. Mie nikafungua mdomo.

"Mimi," kasema Badru.

Tullio kamtazama. Halafu kautoa mkono wake mkononi mwa Badru, kidole kwa kidole, kageuza uso dirishani. Tulipomuaga hakugeuka.

Tumetoka. Kibaridi, jua hafifu. Badru kachukua mkoba wangu, kautia begani kwake, mkoba wa kike wa ngozi nyekundu, na watu wanapita. Tumekwenda hivyo mpaka stesheni. Treni ilikuwa tupu, tukakaa upande mmoja.