Hadithi Mjomba Bado Anayo, Sasa Nimeiba Nini?

Mshauri wetu wa kila Alhamisi, pole na kazi ya kubeba matatizo ya watu, leo nakuongezea langu na lina uzito wake, kwa hiyo kaa kitako. Mimi ni miongoni mwa wale wanaosoma ukurasa wako kwa kucheka, nasema hawa watu wazima wanaandikia gazeti kwani nyumbani hawana midomo, sasa leo kalamu imenigeukia mwenyewe, na wewe usinicheke.

Nijitambulishe kwanza. Mtaani naitwa Mdomo Spika. Kazi yangu natia sauti muvi za nje, yaani steringi anasema lake kwa Kiingereza, mimi nasema la kwangu juu yake kwa Kiswahili, na la kwangu ndilo tamu. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo Kiingereza nakisikia nusu, nusu nyingine natunga, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kudai nusu yake. Studio yangu ni chumba cha nyuma cha fundi simu, nimeegesha godoro mlangoni na kutundika mablanketi ukutani ili kelele za cherehani za jirani zisiingie, feni nazima nikirekodi, nikitoka humo utadhani nimeogelea. Muvi nazishusha mtandaoni, ruhusa sijaomba na sijui hata inaombwa kwa nani, nikimaliza nawarushia watu kwenye flashi na memori kadi. Ndiyo maana mlangoni nimechora fuvu na mifupa miwili, chini nimeandika HARAMIA NAMBA MOJA, na mchoro ni mkali, watu wanapiga nao picha.

Sasa mjomba wa huyu haramia namba moja aliwahi kutekwa na maharamia wa kweli.

Mjomba ni kaka yake mama na ndiye aliyenilea, tunaishi nyumba moja, yeye, mama na mimi. Zamani kazi yake ilikuwa kupaka mitambo grisi kwenye chumba cha mashine cha meli ya mizigo, wakatekwa baharini, wakashikiliwa miezi saba. Mwisho meli iliachiwa na mzigo wake wote na watu wake wote, hata rangi haikubanduka. Siku hizi anatengeneza pampu za maji. Miaka yote hiyo alikuwa na stori moja tu ya kule, na hiyo anaimwaga popote, harusini, kwenye foleni ya benki, kwamba haramia aliyekuwa anawalinda alikuwa anapenda muvi, akawanyang'anya mabaharia diski zao za kunakili, kufika patamu kichwa cha mtu kinapita mbele ya kioo maana muvi ilirekodiwa kwa kuibia ukumbini, na yule haramia, bunduki begani, anafoka, "Waliouza hii ni wezi!" Halafu diski ikakwama kabla ya mwisho, akamlazimisha mjomba ambunie mwisho, mjomba akabuni miisho minne ndani ya wiki moja mpaka jamaa akaridhika. Watu wanashika mbavu. Ukimwuliza mengine, anainuka na kusema, "Mengine yalikuwa joto tu."

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, mshauri, hata feni ikizunguka vizuri naifungua nione kwa nini. Mwezi uliopita nikapata muvi ya meli iliyotekwa, nikasema hii siitii sauti kienyeji wakati mtaalamu ninaye nyumbani. Jumapili mchana nikamkuta uani kafumua pampu, nikachuchumaa kumsaidia.

"Mjomba, walikuwa na bendera ya fuvu?"

"Bendera ya nini? Walikuja na ngazi ya alumini. Mmoja kavaa sweta, jua lote lile."

"Basi wa kwako walikuwa wababaishaji. Wa zamani walikuwa na bendera, nimesoma kitabu. Na walikuwa na sheria zao, wanakubaliana kabla ya kung'oa nanga, nahodha akizingua wanampigia kura anashuka cheo, aliyekatika mkono anapewa fungu la ziada."

"Haya, nenda ukaajiriwe huko. Nishikie hii nati."

Nikashika nati. Akawa anaipangusa ile pampu na tambara mahali palepale, halafu akaanza mwenyewe, sijui kwa nini siku ile, akasimulia mpaka jua likahama uani. Na simu yangu ilikuwa mfukoni mwa shati inarekodi tangu swali la bendera. Sikumwambia, si unajua mtu ukimwambia anarekodiwa anaanza kuongea kama mwalimu mkuu. Alieleza walivyolala, walivyooga, halafu akafika kwenye siku aliyoingia stoo ya kamba akajifungia, na humo ndani akawa anasema

(Hapa nimekata mistari kumi na mmoja. Mshauri.)

na mimi hayo nikayaweka neno kwa neno kwenye mdomo wa mpishi wa meli kwenye muvi, nikaongeza na kuvuta kamasi za kilio, nikaigiza sauti ileile ya mjomba maana naiweza, na mshauri, bila kujisifu, sijawahi kutia sauti vizuri namna ile. Muvi ilikwenda kama moto. Watu walikuwa wanamwiga yule mpishi barabarani.

Wiki iliyofuata mjomba akaenda kunyoa. Kinyozi ana televisheni juu ya kioo, na alikuwa ameweka muvi yangu. Haya kanisimulia kinyozi mwenyewe. Mjomba kakaa kitini na shuka shingoni, mashine imeshapita upande mmoja wa kichwa, mpishi akaanza. Wateja kwenye benchi wakapasuka kucheka, mmoja akasema, "Msikilizeni, hapa ndipo anapomwita mama yake!" na wote wakaitikia pamoja naye kama wimbo. Mjomba akainuka. Akavua shuka, akalikunja vizuri, akaliweka kitini, akatoka.

"Mzee, bado upande!" kinyozi akamkimbilia na mashine.

"Huo uache," akasema, akaenda zake barabarani na kichwa nusu.

Nyumbani nikamkuta kavaa kofia. Nikaanza kujichekesha, "Mjomba, umekuwa maarufu bila kujijua," hapo nilidhani nitamlegeza. Akaniangalia, si kwa hasira, kama mtu anayesoma namba ndogo kwenye betri.

"Saa walichukua," akasema. "Viatu walichukua. Hayo walikuwa wameniachia."

Ndiyo maneno ya mwisho aliyonipa, leo siku ya tisa. Chakula anakula chumbani kwake. Na amemwambia mama kwamba mwisho wa mwezi anahamia kwenye chumba cha mafundi huko kwenye kituo cha pampu. Mama kaniambia, "Kaka yangu akitoka humu kwa ajili ya mdomo wako, na wewe utafute pa kwenda."

Sasa swali langu, na usinijibu kihubiri, mimi nataka kuelewa kweli. Ukiiba baiskeli, mwenyewe anaamka hana baiskeli. Mimi nimenakili, sijachukua. Hadithi ya mjomba anayo vilevile, hata nukta haijapungua. Sasa kilichopungua ni nini? Tena ajabu, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, naye anauza muvi, tunamwita Jicho Nyanya, kaichukua muvi yangu, kakata pale mwanzo ninapojitambulisha, kaweka jina lake. Nikamvukia, nikamwita mwizi mbele za watu. Akaniambia, "Nimechukua nini? Si bado unayo?" Nikavuka barabara nikarudi studio, nikachukua kalamu.

Mimi sina baba wa kutaja, nina mjomba. Sitaki aende. Nifanye nini, na ufanye upesi kunijibu maana mwezi unayoyoma.

Ni mimi, Mdomo Spika (ukiweza weka jina kwa herufi kubwa).

JIBU

Mdomo Spika, nimekuwekea kwa herufi za kawaida. Nimecheka mara tatu nikisoma barua yako, kisha nikafika kwa kinyozi nikaacha kucheka.

Tuanze na mkasi wangu. Mistari ile kumi na mmoja nimeikata kwa sababu umelirudia kosa lilelile, safari hii kwa kalamu, tena unaomba lichapishwe kwa maelfu ya watu. Hukuona? Ulikuwa unakimbilia pale patamu. Nimeondoa pia jina la meli na la mtaa wenu. Kilichobaki ni stori ya diski, ambayo mjomba mwenyewe huigawa harusini kwa hiari yake, na kosa lako, ambalo ni mali yako halali.

Swali lako silidharau. Ni swali zuri kuliko mengi ninayoletewa humu, na kijana anayeuliza "kwa nini" bado hajaharibika. Unasema aliyenakili hajaiba kwa kuwa chenyewe kimebaki kwa mwenyewe. Haya, ile meli iko wapi? Kwa maandishi yako, ilirudi. Na mzigo wote. Na watu wote. Hata rangi haikubanduka. Kwa hesabu zako basi hata wale wenye ngazi ya alumini hawakuiba kitu. Nenda ukamwambie mjomba hivyo, ukimtazama usoni. Unaona? Mdomo umekuwa mzito.

Miezi saba mjomba wako hakuwa na la kuamua, si kulala, si kuoga, si kwenda. Aliporudi alibaki na jambo moja lenye mlango ambao ufunguo anao yeye: nani ayasikie mengine, lini, na kwa sauti gani. Jumapili ile alikufungulia wewe. Wewe mmoja, mwanangu, si benchi la kinyozi. Hukuchukua hadithi, ulichukua ufunguo. Na hao maharamia wako wa kitabuni, unaowasifu kwa sheria zao, umesema mwenyewe kwamba walikubaliana kabla ya kung'oa nanga. Wewe ulikubaliana na nani? Na mfuko wa shati lako?

Hasira uliyomvukia nayo Jicho Nyanya ni ya haki. Yeye alikukata jina tu. Pima mwenyewe ya mjomba.

Sasa fanya hivi. Usianze na "nisamehe", maana neno hilo mara nyingi ni ombi la kutaka wewe ndiye ulale vizuri. Anza kwa kuzunguka. Nenda kwa kinyozi, nenda kwa kila uliyemrushia muvi ile unayemkumbuka, umwombe aifute mbele yako, na watakaokucheka wakucheke, una mdomo wa kustahimili. Nenda hata kwa Jicho Nyanya, bila kelele, umweleze kwa nini. Hutazipata zote. Zikishatoka hazikusanyiki tena, na hilo ndilo utakalolibeba. Kisha keti na mjomba, mchana, mama yako asiwe katikati, umwambie ukweli: zimefutwa hizi, hizi zimenishinda, ziko kwa fulani na fulani. Mtu aliyeibiwa anataka kujua vitu vyake viko wapi. Mpe na ile rekodi ya kwenye simu, yenyewe, aamue yeye kama inafutwa au anaiweka. Muvi yako ifute mbele yake. Ndiyo, ile nzuri kuliko zote. Ndiyo maana itakuwa na uzito.

Fuvu la mlangoni lipake rangi. Sikuamrishi kwa ajili ya sheria, ingawa wenye muvi unazozishusha nao ni watu, na siku wakikuuliza ruhusa, "sijui inaombwa kwa nani" haitakusaidia. Nakwambia kwa sababu kila siku mtu mmoja mtaani anapita mbele ya mchoro ule akiwajua maharamia wenyewe kwa sura. Kipaji unacho, nakiona hata kwenye karatasi. Kuna vijana wanaotengeneza muvi zao wenyewe na wanahangaika kupata sauti. Watafute, ujifunze neno moja jipya la kazi: naomba.

Na usimsihi asihame. Nimejua ndicho ulichotaka nikufundishe, namna ya kumzuia. Sikufundishi. Huyo mtu alishazuiwa vya kutosha. Akiamua kwenda, mbebee mizigo mpaka huko kituoni, uone chumba chake, ujue njia. Akiamua kubaki, usitangaze kwamba umemshinda. Vyovyote vile mwulize swali moja ambalo katika barua nzima sijaliona mahali, wewe mwenye ugonjwa wa kutaka kujua: mjomba, unaendeleaje?

Halafu funga mdomo, usubiri. Atakachojibu usiniandikie. Hamu ya kujua ninayo, sikufichi, lakini hilo litakuwa lake na lako.