Siku Baliniuliza Kama Nakubali

Kampemba, tarehe 14 mwezi wa tano

Yaya Kunda,

Salamu nyingi kwako kule Mokambo. Siye tuko bazima, na mahindi ya nyuma ya nyumba imekomaa.

Adalbert wangu ameingia retraite, kazi imeisha juu ya uzee. Tulienda ku biro ya serikali kuomba karte ya matunzo ya hospitali, ile ya bazee na bibi zao. Mama wa biro akauliza: "Na huyu ni nani?"

Adalbert akajibu: "Bibi yangu, sasa miaka makumi ine."

"Acte de mariage, karatasi ya ndoa, iko wapi?"

Tulikuwa na ndoa ya jamaa tu. Basi juzi tukaenda kuoana ku commune. Bourgmestre, mukubwa wa commune, akaniuliza kama ninakubali. Yaya, ile zamani hakuna muntu aliniuliza, baba alijibu pahali pangu. Nikatamani kujua. Nikamugeukia Adalbert: "Unanioa juu ya karte tu?"

Akajibu polepole: "Karte yenyewe naitafuta juu yako, Annie. Ile uvimbe ku titi yako, nataka munganga aione."

Kumbe alijua, na mimi nilizani nimemuficha! Nikasema ndiyo, hata bantu ba inje balisikia.

Kesho asubui tutaenda na karte kwa munganga. Adalbert anasema ataingia na mimi mpaka ndani.

Mudogo wako,
Annie