Mbio za Msituni na Ng'ombe wa Ta Kamugisha

Jumatatu, 31 Oktoba

Maji yana kinyesi cha ng'ombe tena. Nimeyachuja kwa kitambaa, nimeyachemsha, nimeyachuja tena. Bado yana rangi ya chai. Dada yangu Koku akayatazama kikombeni, akauliza sukari iko wapi.

Alirudi kutoka Bukoba mjini mwezi wa nane, amekonda. Jina la ugonjwa hatulitaji hapa nyumbani. Tumbo ndilo linalomtesa. Muuguzi wa zahanati amesisitiza maji safi. Lakini chemchemi yetu ni moja tu, ile ya chini ya msitu, na ng'ombe wa jirani yetu, Ta Kamugisha, wanashinda humo.

Jumatano, 2 Novemba

Kikao cha kamati ya maji. Tutafanya mbio. Zitaanzia uwanja wa kanisa, zipande msituni, zipite juu kwenye nyasi ambako ziwa linaonekana lote mpaka visiwani, kisha ziteremke hadi chemchemini. Wazo la bwana afya. Anasema watu wakiuona uzuri wa msitu wataacha kuukata. Sisi tunauona kila siku na tunaukata. Lakini ana pikipiki, tukamkubalia.

Kiingilio ni jiwe moja la kujengea ukuta wa chemchemi.

Ta Kamugisha alikuja bila kualikwa. Akasema ng'ombe wake hawahami. Alihamia hapa Buganguzi kutoka kaskazini, ng'ambo ya mto Kagera, vita vilipommalizia zizi lote. Kundi hili amelianza na ndama mmoja. Namwelewa. Simpendi, lakini namwelewa.

Hasira zikanipanda. Nikasema anajificha nyuma ya mikia ya ng'ombe. Akasimama, akasema taratibu, "Mwinjilisti, ukinishinda katika hizo mbio zako, nitawahamisha."

Watu wakapiga makofi. Nikakubali, mchungaji akisikia. Nina kitambi. Yeye anapanda milima na ng'ombe kila siku, hana hata mashavu.

Alhamisi, 3 Novemba

Mazoezi. Nimekimbia kutoka mlangoni hadi mgomba wa mwisho wa kibanja. Nikakaa chini.

Koku alikuwa mkekani, anatazama. Amesema nakimbia kama mtu anayetafuta choo katika nyumba ya wageni. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikaogopa.

Jumatatu, 7 Novemba

Mazoezi msituni. Nilisimama kupumua, nikasimama juu ya siafu. Kuanzia hapo nilikwenda kasi ambayo sijawahi kwenda tangu nibatizwe. Suruali niliivua karibu na njia ya chemchemini. Wanakwaya watatu walikuwa wanapita na ndoo. Wakanisalimia kwa heshima zote.

Kesho jioni wana mazoezi ya kwaya. Sitakwenda.

Ijumaa, 11 Novemba

Mbio za kesho zimeahirishwa. Msiba. Kijana wa pili kufa mwaka huu katika nyumba moja, na mama yao ni mmoja. Kazi yangu ni kuhubiri na kuzika, na mwaka huu nimezika zaidi. Nimechoka kutafuta maneno.

Ta Kamugisha alichimba kaburi pamoja nasi tangu asubuhi. Hakugusia mbio. Nilitamani awe mtu mbaya kabisa. Ingekuwa rahisi.

Jumanne, 15 Novemba

Mawe yameanza kuletwa. Mengine ni kama yai. Moja ni kipande cha tofali la kanisa, na nafahamu limetoka ukuta gani.

Koku hali mbaya tangu jana. Nimefua shuka zake kwa maji yale yale. Naichukia chemchemi, nawachukia ng'ombe. Nimesali nikiwa na hasira. Sidhani sala ilifika mbali.

Jumamosi, 19 Novemba

Naandika nimelala. Miguu haikunjiki.

Mvua ilinyesha usiku, kulipokucha ikakatika. Wanaume wengi, mawe mkononi. Mimi nilimwachia mke wangu miwani ili isianguke. Bila miwani naona rangi na vivuli, basi. Lakini njia naijua.

Tukaanza. Msituni nilikuwa wa mwisho. Mbali mbele niliona kitu chekundu, shati la Ta Kamugisha, kisha sikuliona tena. Tumbo likaniuma upande mmoja. Nikawaza kulala chini na kumwachia Mungu mambo ya ng'ombe.

Nikatoka kwenye nyasi za juu. Pale nikaona watu wote wameinama. Wengine wamepiga magoti. Nikasema moyoni, wamechoka kama mimi, wanyonge hawa. Nikapata nguvu za ajabu. Nikawapita wote. Nilipita karibu na shati jekundu, nalo limeinama vilevile. Ziwa sikuliona, na ndilo tulilowaitia watu.

Nikateremka peke yangu. Chemchemini hapakuwa na mtu. Hapakuwa na bwana afya, wala mchungaji, wala kamati. Ng'ombe tu, majini, wananitazama. Nikakaa juu ya rundo la mawe. Nimeshinda na hakuna aliyeniona.

Watu walianza kufika baadaye sana, wanacheka, mashati yamevuliwa na kufungwa kama mafurushi. Ndipo nikaelewa. Senene, wale panzi tunaowakaanga. Walikuwa wameangukia nyasi za juu, kijani juu ya kijani, na mimi sikuwa na miwani. Kamati nayo ilikuwa huko huko. Mchungaji alikuja na kofia iliyojaa.

Bwana afya akasema mbio zimevunjika, hakuna mshindi.

Ta Kamugisha akaweka furushi lake chini. Akasema, "Mwinjilisti alinipita pale juu. Nilimwona, nikasema nijaze mkono mmoja tu, nitamkuta." Akawatazama ng'ombe majini. "Sikumkuta. Ng'ombe nitawahamishia bondeni."

Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kunyamaza, nami nisingekuwa na shahidi. Nilimpa mkono. Nikatamani kumwomba msamaha wa ile mikia, nikashindwa, nikamwomba senene. Akanipa nusu.

Jumatatu, 21 Novemba

Amewahamisha kweli. Njia ya bondeni ni ndefu. Nimemsaidia kuwaswaga. Ng'ombe mmoja amenikanyaga.

Njiani nikasema lile la mikia. Akasema alishasahau. Hajasahau, lakini alisema hivyo.

Jumatatu, 28 Novemba

Ukuta umefika magotini. Maji yametulia, mchanga unaonekana chini.

Koku alitaka kuyaona. Nilimkalisha nyuma ya baiskeli, tukateremka nikishika breki. Akanywa kikombe kizima cha maji niliyomchemshia. Akakaa juu ya ukuta, jua likimpiga mgongoni.

Kurudi ni mlima mtupu. Nilisukuma baiskeli taratibu, yeye amekaa, amenishika bega. Sikusimama kupumzika popote. Hakuwa mzito.