Taa Zangu za Saa Nne Asubuhi

Alhamisi, Julai. Tassia, ghorofa ya nne.

Leo jua halikutoka kabisa. Tangu alfajiri ni yale mawingu ya Julai yanayokaa juu ya Eastlands kutwa nzima, manyunyu hapa na pale, baridi inayoingia mpaka ndani ya soksi, na nguo nilizoanika juzi bado ni mbichi. Siku kama hii kwa kawaida hunitia kisirani. Lakini jioni hii nimepanda ngazi zote nikicheka peke yangu, mpaka jirani akachungulia mlangoni kuona niko na nani.

Nimeshinda.

Acha niandike kwa utaratibu, maana nikianzia mwisho nitajisifu tu na sitaeleza kitu.

Mimi huendesha gari la mayai. Tajiri wangu, Mzee Kariuki, ana stoo Kariobangi na vigari viwili vya kijivu vinavyofanana kila kitu isipokuwa namba. Kimoja naendesha mimi, kingine anaendesha Mutiso. Tunasambaza trei za mayai madukani na kwa wauza mayai boilo, yale ya kuchemsha, kuanzia Kayole mpaka huku kwetu Tassia. Nimeifanya kazi hii miaka sita, mwanangu Salim amekulia juu yake, na naipenda. Najua pia kwamba mwanamke wa umri wangu akinyang'anywa ufunguo wa gari leo, hapati mwingine kesho. Kwa hiyo nilipoanza kuvutana na Mzee kuhusu taa, nilijua nina nini cha kupoteza.

Ilianza mwezi wa tano. Nilikuwa nakata kona karibu na Pipeline, vumbi jingi, lori limetoka kupita. Bodaboda akajitupa mbele yangu akiwa amembeba mama na mtoto. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Hakuna aliyeguswa, Alhamdulillahi, ila trei za juu zilikuja mbele na mayai yakanipasukia kisogoni. Nilishuka nikiwa na matusi tayari mdomoni na ute ukiteremka mgongoni. Yule kijana alizima pikipiki. Akaniambia, "Mathe, wallahi sikukuona."

Nikageuka kuliangalia gari langu. Gari la kijivu, lami ya kijivu, vumbi la kijivu. Hata mimi nisingeliona.

Tangu siku ile nikawa nawasha taa kubwa nikitoka stoo, nazima nikirudi. Kuwe na jua, kusiwe na jua.

Sasa, anayeishi Nairobi anajua kilichofuata. Hapa mtu atakufungia njia bila aibu, atakuacha uingie shimoni huku akikutazama, lakini taa zako zikiwaka mchana hatapata amani mpaka akujulishe. Mkono unatolewa dirishani, vidole vinafumba na kufumbua, vinafumba na kufumbua. Makanga walinifanyia hivyo. Wasukuma mkokoteni waliachia mpini kwa mkono mmoja wakanifanyia hivyo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na karai kichwani alisimama kabisa ili aniambie. "Madam, taa!" "Siz, unamaliza battery!" Mwanzo nilikuwa nawaeleza. Baadaye nikawa nawapungia tu kama mwanasiasa. Madereva wengine waliokuwa wanakuja mbele walidhani nawaonya kuhusu polisi, wakapunguza mwendo na kufunga mikanda haraka haraka. Hiyo niliihesabu kuwa sadaka yangu.

Mutiso alinicheka zaidi ya wote. "Rukia, taa za mchana ni za Ulaya. Kule jua ni la kuomba. Sisi jua tuko nalo, ya nini kuwasha?" Kisha akaongeza jambo lililonikaa kichwani. Alisema pikipiki za siku hizi zinatoka dukani zikiwaka zenyewe, na magari yote yakianza kuwaka pia, nani tena ataiona pikipiki? Bado sina jibu zuri, na naliandika hapa ili nisije kujifanya najua kila kitu.

Halafu betri ikafa.

Hili sijamwambia mtu kwa wiki tatu, kwa hiyo nitaliandika polepole. Siku hiyo nilimaliza kupeleka mayai Tassia mapema. Nyumba yangu ilikuwa hapo hapo. Nikaegesha chini, nikapanda, nikala wali wa jana, nikajilaza kwenye kochi dakika kumi. Niliamka baada ya saa mbili na nusu. Taa zilikuwa zimewaka muda wote huo, na pua ya gari ilikuwa imetazama ukuta, kwa hiyo mpita njia hakuziona. Watu wote wale walionipungia njiani kwa wiki nzima, na siku niliyohitaji mmoja tu wa kunigongea mlango, hakutokea. Gari lilikuwa kimya kama sanduku. Nikampigia Mzee simu nikamwambia betri ni ya zamani, imechoka.

Nilidanganya. Tena nilidanganya kwa sauti ya mtu aliyeudhika.

Mzee Kariuki si mtu wa kupiga kelele. Akikasirika hupunguza sauti, na hilo ndilo linalonitisha. Jioni ile aliniita, akaniambia, "Mama Salim, taa ni ya usiku. Nikiona umewasha tena mchana, usinieleze kitu. Uniletee ufunguo."

Nikatii. Wiki tatu nimeendesha bila taa, na kila kona nimeipita nikiwa nimebana pumzi. Nilijichukia kidogo. Nilijua niko sawa kuhusu taa na nina makosa kuhusu betri, na sikuweza kutetea lile la kwanza bila kukiri la pili.

Leo asubuhi, nikirudi kuchukua mzigo wa pili, manyunyu yakaanza. Moshi wa majiko ya mafundi wa vyuma ulikuwa umelala barabarani, na magari yaliyokuwa mbele yangu yanapotea moja moja. Mkono wangu ukawasha taa wenyewe. Nikajiambia nitazima kabla sijafika Kariobangi.

Nikasahau. Ndiyo, tena.

Saa nne kasoro nikaingia barabara ya stoo. Mutiso alikuwa ametangulia, labda urefu wa magari mawili mbele yangu, taa zake zimezimwa. Mzee Kariuki alikuwa upande wa pili wa barabara, ametoka kunywa chai kwa Mama Achieng', mwenye kibanda kinachotazamana na stoo. Nikamwona amesimama ukingoni na koti lake refu, anasubiri kuvuka. Naye akaniona.

Akainua mkono. Vidole vikafumba na kufumbua.

Miaka sita, nikasema, basi imekwisha kwa manyunyu. Na pale pale, macho yake yakiwa kwangu, mkono bado uko hewani, akashuka barabarani kuja kunisubiri upande wa stoo. Akashuka mbele ya Mutiso.

Nilisikia breki za Mutiso kabla sijaelewa. Mama Achieng' alikuwa ametoka kumwaga maji ya vikombe. Alimshika Mzee koti kwa nyuma akamvuta kwa nguvu zote, wakaanguka wote wawili juu ya benchi la wateja. Gari la Mutiso lilisimama pale pale ambapo Mzee alikuwa.

Nilishuka mbio. Mzee alikuwa mzima, amelowa chai ya mtu, anatafuta kofia yake. Mutiso alitoka garini akiwa amebadilika rangi, na kwa kuwa alikuwa na hofu akanigeukia mimi. "Unaona taa zako? Zimemvuta mzee macho, akaacha kuniona mimi. Karibu zimuue."

Nilihisi kwamba huenda ni kweli, na kwamba nimekosa kila upande.

Aliyejibu ni Mama Achieng', bado ameketi kwenye benchi, anakung'uta leso. "Wewe Mutiso, hebu ngoja. Yake ameiona ikiwa bado huko nyuma, mpaka akaisalimia. Yako ilikuwa hapa puani na hakuiona. Sasa kati yenu wawili, nani azime na nani awashe?"

Mafundi wa jirani walikuwa wameshasogea, na mmoja akacheka kidogo. Mzee akautazama mkono wake, ule aliokuwa ameuinua, kisha akatazama barabara, gari la Mutiso na langu. Nikaona anapima. Na mimi nikapima. Miezi yote ile nilikuwa nadhani wale watu wenye vidole wananisumbua. Kumbe kila mmoja wao alikuwa ananiambia ameshaniona. Hakuna hata mmoja ambaye angenigonga.

Nilitamani kumwambia Mzee hivyo hapo hapo mbele ya watu. Nilijizuia. Nilikuwa na deni la ukweli kwanza.

Nikamfuata ndani ya stoo, nikaweka ufunguo juu ya meza yake. Nikasema, "Mzee, uliniambia nilete. Nimeleta. Lakini kabla hujauchukua, betri haikuwa ya zamani. Nilienda kwangu nikalala, taa zikabaki zinawaka. Ni mimi."

Alivua miwani akaifuta manyunyu. "Betri nilinunua mwenyewe mwezi wa pili," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie."

Wiki tatu alikuwa anangoja. Niliona aibu mpaka masikioni. Lakini nikaona nikishaanza kusema ukweli, heri niumalize. Nikamwambia kosa halikuwa la taa. Kosa ni kwamba taa zinangoja mimi nikumbuke kuzima, na mimi ni msahaulifu, hata leo nimesahau. Nikamwambia ziko taa ndogo za mchana, za mbele tu, zinazowaka gari likiwaka na kuzima ukichomoa ufunguo, hazili betri kama taa kubwa wala hazingojei kumbukumbu ya mtu. Na kama Mutiso angekuwa nazo leo, Mzee angemwona yeye kwanza, maana ndiye aliyekuwa mbele.

Nilisikia mayai yakipangwa nyuma yangu. Kisha Mzee akausukuma ufunguo juu ya meza mpaka ukagusa vidole vyangu.

"Nenda kwa fundi wa umeme," akasema. "Mwambie akuwekee zile ambazo hazikutegemei wewe."

Nilitoka pale nikiwa nimekunja ngumi ndani ya mfuko, si kwa hasira, ni ili nisipige kigelegele stoo ya watu. Mama Achieng' alikipiga kwa niaba yangu, kutoka ng'ambo ya barabara, na sufuria mkononi.

Fundi yuko mtaa wa pili tu kutoka stoo. Alitumia saa moja na nusu. Alifunga vipande viwili vyembamba chini ya bampa, akapitisha nyaya, akaniambia niwashe gari. Zikawaka nyeupe kabisa. Nikachomoa ufunguo, zikazima. Nikawasha tena. Nikazima tena. Nilifanya hivyo mara nyingi mpaka akaniomba nimwachie nafasi, kuna mteja mwingine anangoja.

Je, kila gari linahitaji taa mchana? Mutiso ana hoja yake ya pikipiki na sitaitupa. Kukiwa na jua kali la Februari huenda hazisaidii sana. Lakini Eastlands hii ina vumbi, ina moshi, ina Julai, na ina magari ya kijivu mengi kuliko idadi ya watu wenye macho mazuri. Mimi nimeshaamua upande wangu. Afadhali nionekane na kuchekwa.

Alasiri nilipeleka mzigo wangu kama kawaida. Nilipofika kona ile ya Pipeline sikubana pumzi. Niligundua hilo nilipokuwa nimeshaipita, na nikaanza kulia kidogo, machozi ya furaha tu, nikayafuta kwa ncha ya buibui nikaendelea.

Nilipokuwa napanda ngazi hizi, simu ikaita. Alikuwa Mzee. Nilidhani amebadili mawazo. Aliuliza kama fundi anaweza kulifanyia kazi gari lake la nyumbani pia, lile analokwenda nalo kanisani, na kama Jumapili itakuwa mapema mno. Nikamwambia nitauliza. Kabla hajakata akasema gari la Mutiso litafungwa taa Jumamosi, na mpaka hapo, tukitoka stoo, asitangulie.

Miaka sita nimetoka getini nikila moshi wa Mutiso.

Kesho natangulia mimi.