Binti Yangu Ameniimba Bila Ruhusa

Mshauri wangu Dada Ozella,

Nakusikiliza redioni kila asubuhi nikiwa kazini na siku zote nasema moyoni hawa wanaokuandikia hawana haya, mambo ya ndani unampaje mtu wa redio, na leo ni mimi nimekaa mezani kwangu nakuandikia, kwa hiyo jua nimefika mwisho, na nakuomba unijibu kabla ya Jumamosi kwa sababu Jumamosi nina mpango wa kwenda kwenye studio ya watu nikavunje kitu.

Mimi ni dobi wa hoteli hapa hapa Memphis, kutwa nzima napiga pasi mashuka ya wageni. Nina binti mmoja, Charisse, yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu anasomea muziki. Muhula huu chuo kiliwaleta wazee wawili wa muziki wa soul wawafundishe vijana namna ya kutunga, mmoja ni mtunzi wa nyimbo, Mzee Thaddeus Pettigrew, na mwingine ni prodyuza wake, Roscoe Battle, watu ambao nyimbo zao ndizo tulizozicheza harusini mwetu sote wa rika langu, na mimi nikafurahi, nikamtangazia kila mtu kanisani, nikakaanga na kambare nikampa Charisse awapelekee pamoja na tambi na mkate wa mahindi. Kumbe nawalisha watakaonivua nguo!

Huyo Pettigrew, darasa la kwanza tu, aliwaambia wanafunzi: "Msiniletee mapenzi hapa, mapenzi kila mtu anayo. Nileteeni sentensi moja iliyosemwa kwenu nyumbani, mpaka chumba kizima kikanyamaza." Na Roscoe Battle akawaambia kwamba wimbo wa soul haujazwi mpaka pomoni, kila baada ya mstari unaacha nafasi, watu wajibu kama kanisani, ukiziba nafasi umeua wimbo. Haya yote Charisse alinisimulia mwenyewe akiwa anakula jikoni kwangu, macho yanamng'aa, na mimi nikamwambia wazee hao wana akili. Sikumuuliza sentensi gani anawapelekea. Ningeulizaje, nilijua atapeleka ya bibi yake.

Sasa nikwambie sentensi yenyewe. Charisse alipokuwa mdogo baba yake, Lucius, alihama nyumbani, akasema anahitaji kutulia kidogo, na mimi nikasubiri atulie. Jumapili moja tumetoka ibadani mvua inanyesha, akaja kumwona mtoto, amesimama sebuleni kwangu na shati jeupe, na kola imenyooka, Dada Ozella, imenyooka hasa, na mimi ni mtu wa pasi, kola nikiiona naijua. Mimi nilikuwa nikitoka hotelini pasi sitaki hata kuiona, mashati yake nilikuwa nayapitishia juu juu tu ilimradi. Nikamtazama, nikamwambia: "Lucius, kola hiyo imenyooka. Mimi sijawahi kukunyooshea hivyo. Aliyeinyoosha anakupenda. Rudi kwake kabla haijakunjika." Akachukua kofia yake akatoka. Na kumbe mtoto alikuwa koridoni, amesikia kila neno.

Basi tamasha la kufunga mafunzo likafika, ukumbi wa chuo umejaa, kanisa letu limechukua safu tatu za mbele na kofia zao, mimi nimekaa na Dada Vernice, mke wa shemasi. Charisse akatoka na gauni la njano. Ubeti wa kwanza ni habari ya mwanamume anayekuja Jumapili na mvua, amevaa nguo mpya, anajichekesha, na mimi mjinga mimi, raha imenipanda, na ile nafasi wameiacha kweli baada ya kila mstari, unaijua ile nafasi, mtu wa kanisa hawezi kuiacha ipite hivi hivi, nikasimama, nikainua mkono, nikapaza sauti, "Mwambie, binti! Mwambie huyo!" Dada Vernice naye, "Mwambie!" Safu tatu zote, "Mwambie!" Ndipo kiitikio kikaja:

Kola imenyooka, mpenzi, imenyooka,
aliyeinyoosha anakupenda,
rudi kwake kabla haijakunjika.

Mkono wangu ulikuwa bado juu. Nilishindwa hata kuushusha. Nimeitikia aibu yangu mwenyewe mbele ya watu, tena kwa sauti kubwa kuliko wote!

Nje nikamkamata.

"Charisse, maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Kwako, Mama."

"Nani alikupa?"

"Nilikuwa koridoni kwetu siku ile. Mama, nimekua nayo maneno hayo. Ni wimbo wa kukusifu wewe!"

"Kunisifu! Nilikuomba sifa mimi?"

Mzee Pettigrew akaja na kofia mkononi, amelainika, anasema, "Mama, sentensi kama hiyo nimeitafuta maisha yangu yote." Nikamwambia, "Endelea kuitafuta basi, maana hii ina mwenyewe." Kisha nikamgeukia Charisse nikamwambia kuanzia leo hana mama wa kumsikiliza mlangoni, nikaondoka, na tangu hapo simu yake sipokei.

Sasa Mzee Pettigrew amenipigia kazini, wanataka kuurekodi Jumamosi kwenye studio ya Roscoe Battle, anasema bila mimi kusema ndiyo hawagusi hata kinanda, lakini watakuwa pale wananisubiri. Na kanisani imekuwa balaa, wamekwisha kujua maneno ni yangu, akina mama wananipigia makofi mlangoni, "Dada Kola huyo! Mwanamke wa shoka!" Vernice ameniomba nikaseme na mabinti wanaoolewa. Na mimi nataka kupiga kelele, Dada Ozella, nataka niwang'oe kofia zao mmoja mmoja, kwa sababu hawajui, na Charisse hajui, na wewe ndiye mtu wa kwanza ninayekwambia.

Lucius alipotoka nilimkimbilia. Sikuvaa hata viatu, nilitoka na ndara, mvua inanipiga, gari lake likasimama kwenye taa za barabara ya Lamar, nikalifikia, nikagonga kioo. Nikasema, "Rudi. Nitakupigia pasi kila asubuhi. Nitajifunza hiyo kola." Hakushusha kioo. Alitazama mbele, anaitazama taa. Ikawaka kijani akaondoka. Ndara moja ilibaki barabarani. Nilirudi nyumbani nimelowa chepechepe, Charisse akaniuliza, "Mama, ulikuwa wapi?" nikamwambia nilikwenda kutupa taka.

Nikisema ndiyo, uongo huo utapigwa kila redio, na Lucius atausikia, yuko Nashville sasa, atausikia ndani ya gari hilo hilo pengine, na atacheka, kwa sababu yeye anajua. Nikisema hapana, mwanangu ataniuliza kwa nini. Nifanye nini? Nina hasira mpaka mashuka ya hoteli nayaunguza.

Ni mimi, Dobi wa mtaa wa Orange Mound.

*

Dobi, kwanza kaa chini. Studioni usivunje kitu. Vyombo vya watu havijakukosea, na sitaki kusoma jina lako kwenye taarifa ya habari baada ya kipindi changu.

Hasira yako ina haki yake, na kabla sijakugeukia wewe nitawagawia wenye sehemu yao. Charisse, najua unasikiliza, ninyi wanafunzi mnajifanya redio ni ya wazee na wote mnajua nilisema nini jana. Umechukua maneno ya mama yako kutoka sebuleni kwake, ukayavalisha gauni la njano, ukamkalisha safu ya mbele ayasikie pamoja na mke wa shemasi. Ulishindwa nini kumwambia, "Mama, nimetunga wimbo, njoo jikoni usikilize kwanza"? Ulikuwa jikoni kwake unakula! Kinywa ulikuwa nacho!

Na wewe Mzee Pettigrew, mimi nyimbo zako nimezipiga hapa tangu nikiwa na kiuno, kwa hiyo nakwambia kwa heshima: umewafundisha watoto wa watu kwenda nyumbani kuokota sentensi. Kumwomba mwenye sentensi umemwachia nani afundishe? Chuo kilikuita ufundishe kazi yote, siyo sehemu yake tamu. Kambare wa mama wa watu mmekula, mmelamba na vidole.

Sasa wewe, Dobi. Ulidhani nimekusahau.

Umeniandikia kwa hasira juu ya kambare, juu ya Pettigrew, juu ya kofia za kanisani. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona kola haikukuchoma kiasi hicho. Kilichokuchoma ni taa za Lamar. Watu wanakupigia makofi kwa ajili ya mwanamke aliyemfukuza mumewe na kurudi jikoni kwake, na wewe unamjua mwanamke mwingine, aliyelowa, mwenye ndara moja, na umemfungia ndani peke yake miaka yote hii. Hapo ndipo hasira yako inapotoka. Usimtupie mtoto yote.

Kwa maana mtoto aliimba alichokuwa nacho. Nusu nyingine ulimnyima mwenyewe, ukamwambia ulikwenda kutupa taka. Amekua akidhani mama yake ni chuma. Unajua ni mzigo gani huo kwa msichana? Siku mwanamume atakapomwacha yeye, naye akajikuta anakimbia kwenye mvua, atajiona si mtoto wako.

Halafu unamwogopa Lucius! Hebu niambie vizuri, maana hapa nimekasirika mimi. Mwanamke anasimama barabarani anagonga kioo, anasema rudi. Mwanamume yuko ndani, amekauka, kola yake imenyooka, anatazama taa. Kati ya hao wawili, nani anatakiwa kuzima redio kwa aibu? Wewe uliomba. Kuomba si jinai. Yeye hakuweza hata kushusha kioo kwa mama wa mtoto wake, hata upana wa kidole kimoja, na gari la siku hizo lilikuwa la kuzungusha mkono, kazi ndogo tu. Lucius wa Nashville, kama kipindi kinafika huko, cheka basi tukusikie.

Utafanya hivi. Leo jioni pokea simu ya binti yako. Mwambie aje, na umpikie, siyo kwa sababu anastahili, ila kwa sababu mtakaa muda mrefu. Mwambie habari ya taa yote wewe mwenyewe, hata kama ameisikia hapa redioni, na ndara usiiruke. Usianze na "umeniaibisha", hayo atayakiri yeye mwenyewe. Naye akuombe msamaha kwa kinywa chake kwa kuchukua bila kuuliza, na akianza kubabaika usimsaidie, mwache aumalize mwenyewe. Mtalia. Lieni. Kisha amua, na uamuzi ni wako, si wa chuo wala wa kanisa. Ukisema hapana, basi ni hapana, na yeyote atakayekusumbua mpe namba ya hapa redioni.

Lakini ukisema ndiyo, usikubali waurekodi wimbo ulivyo, maana ulivyo haujaisha. Roscoe Battle ameacha nafasi baada ya "kabla haijakunjika". Nimemuuliza mtu aliyekuwepo ukumbini, ananiambia ni kimya cha kutosha mtu kuvuta pumzi, na watu hawakujua waitikie nini hapo. Hawakujua kwa sababu jibu wewe ndiye unalo. Nenda usimame kwenye maikrofoni na binti yako, mwache aimbe kola, na ile nafasi ikifika umjibu kama ulivyogonga kioo: rudi, nitajifunza. Siku ile ya tamasha uliinua mkono ukaitikia bila kujua ni wewe. Safari hii inua ukijua.

Na Vernice akikuomba tena ukaseme na mabinti wanaoolewa, kubali, uwaambie yote mawili.

Nguo ya kuvaa Jumamosi ni yoyote, Dobi. Ila usiipige pasi.