Huomba Samahani Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

"Mwanamke mwenye akili humtambua mwanaume katili kwa kumtazama tu." Ameandika mshauri wa ndoa, gazeti la leo. Kamtazama nani huyu? Sisi tunaouza miili mtaa huu tuna orodha ya wanaume waliotupiga, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati langu. Thelathini na mmoja. Wenye sura ya kutisha ni wawili. Waliobaki wana sura za watu wa kukuazima mwavuli.

Nimemwandikia mhariri. Kurasa tatu. Hatachapisha. Barua zangu kumi na moja za mwanzo hakuchapisha pia.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa dada. Mpwa wangu, binti yake, kamleta mchumba. Shati jeupe, sauti ya chini — na kasoma vitabu! Tumebishana saa nzima juu ya adhabu ya kifo. Kanisogezea kiti. Jikoni dada kaninong'oneza: unaona, wanaume wema wapo, tatizo ni unakowatafutia. Nikacheka. Nimempenda yule kijana, niseme ukweli. Nimewapiga picha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwonyesha Kijiko picha. Ni mwenzetu, jina alijipa mwenyewe, baada ya kuvunjwa taya na kula vya kijiko miezi miwili. Kaitazama. Kaweka kikombe chini.

"Kumi na tisa."

Nikasema watu hufanana.

"Shoga, taya lilikuwa langu, si lako."

Nikafungua kabati. Kumi na tisa, mwandiko wangu mwenyewe: Mpole. Shati jeupe. Huomba samahani kwanza, ndipo hupiga.

Na mimi ndiye mtaalamu! Kurasa tatu kwa mhariri!

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia mpwa. Kawaka. "Mama mdogo, hao ni wateja wenu. Mimi ni mchumba wake." Nikamjibu kwamba ngumi haikagui pete. Kanyanyuka aende zake. Mlangoni kasimama. Kauliza, bila kunitazama: kweli imeandikwa anaomba samahani kwanza?

Nikasema ndiyo.

Karudi, kaketi.

Hakulia, wala mimi. Wanaishi nyumba moja tayari, basi nimemfundisha tunayofundishana wenyewe. Ugomvi ukianza, sogea kwenye mlango, si jikoni kwenye visu. Kitambulisho na nguo za kubadili viwe kwa jirani. Namba yangu kichwani — simu ndiyo huvunjwa mwanzo. Ukipiga ukaulizia cherehani, nakuja, siulizi. Na usimuage! Ondoka akiwa kazini. Siku ya kuagana ndiyo mbaya kuliko zote.

"Mama mdogo, mimi sina hata cherehani."

"Ndiyo maana."

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne asubuhi ameulizia cherehani. Tumekwenda wanne, Kijiko mbele.

Alikuwa amemuaga. Ana kwa ana, kwa heshima. Malezi ya dada yangu hayo.

Zahanati: nyuzi tano mdomoni. Nesi kaandika "ameanguka". Nimemrudishia fomu mara mbili, mpaka kaandika "amepigwa".

Jumamosi, 15 Machi

Saa tisa alasiri. Mpwa yuko chumbani kwangu. Kijiko kaweka kigoda mlangoni pa chumba hicho, kakalia. Nje wapo wawili: yule mchumba, shati limepigwa pasi, na dada yangu. Anayegonga ni dada. Fungua, mtoto wa watu analia! Ya wawili huyamaliza wawili! Wewe utajua nini habari za ndoa, kazi yako isimharibie mwanangu!

Yeye hagongi. Anasema samahani, taratibu, tena na tena. Kijiko kasimama juu ya kigoda kama kaona nyoka.

Sijafungua. Naandika karatasi ya kupitisha chini ya mlango, na nainakili hapa nisije nikabadilisha neno:

"Dada. Mwambie ashuke ngazi, avuke barabara. Kisha ingia peke yako, umsafishe mwanao mdomo kwa maji ya chumvi, kama alivyoagiza nesi. Ukimaliza, ndipo uniambie nimfungulie nani."